Daktari Alisema Tumempoteza Festo

Mgonjwa mmoja wa Kalenga alikaa kitandani asubuhi, akanyoosha mkono wa kushoto kwa kuusaidia na ule wa kulia, akamwambia daktari, "Mkono wangu umekufa."

Daktari alikuwa Mnorwe, Dokta Halvard, mrefu kiasi cha kuinama kila mlango wa wodi yetu. Alikuwa na miezi michache tu Iringa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwenye kitabu. "Umekufa" alilijua. Akaukamata ule mkono, akaugeuza, akaunusa, akaanza kuniuliza kwa Kiingereza kama chumba cha upasuaji kina nafasi. Mgonjwa akanitazama kwa hofu. "Nesi, huyu mzungu ananinusa nini?"

"Dokta," nikasema, "mkono umekufa ganzi. Ameulalia."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha jirani. Siku nzima alinifuata akiuliza: kama mkono unakufa na kufufuka, je, ni nini kingine kinakufa kwa Kiswahili? Nikamwambia, wee Dokta, ukianza hapo hutamaliza. Gari linakufa, simu inakufa, mtu anakufa njaa wakati kala saa nne, anakufa kwa kicheko, anakufa moyo akiwa mzima wa afya, na kijana wa chuo anakuja kukwambia anakufa kwa ajili ya binti fulani, kumbe Jumamosi yuko disko na mwingine.

Wanangu mnaoanza uuguzi, ndiyo maana nataka kuwaambia kuhusu maneno. Mnafundishwa sindano, mnafundishwa kuosha mikono, na ni sawa. Lakini miaka yangu mingi nilisimama katikati ya daktari mgeni na mama aliyeshuka kwenye basi la vijijini, na hakuna kilichonitoa jasho kama neno moja dogo la Kiingereza linalohusu kufa. Waingereza wanalo, ila hawapendi kulitumia. Wanalizungukia kama nyoka aliyelala njiani.

Mchukueni "late". Shuleni tulifundishwa kuwa ni kuchelewa. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliletewa karatasi ya rufaa ya bibi mmoja wa Kilolo, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni mke wa "late" fulani, yaani marehemu. Akamwuliza bibi kwa heshima kabisa, "Bibi, hapa wanasema mumeo amechelewa. Yuko njiani?" Bibi akajifunga kanga yake upya. "Hakuchelewa, mwanangu," akasema. "Aliwahi mno."

Yule mwanafunzi leo ni muuguzi mkuu mahali fulani, na akinipigia simu bado tunakumbushana.

Hilo la bibi lilipita kwa kicheko. La Festo halikupita hivyo.

Festo alikuwa kijana wa Ruaha Mbuyuni, mlimaji wa vitunguu, mtoto pekee wa kiume wa Mzee Kanuti na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Festo. Walimleta akiwa na homa ya uti wa mgongo. Shingo imekaza kama ubao, macho hayataki mwanga. Mama alilala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda, na baba alikuwa nje kwenye ukumbi wa ndugu wa wagonjwa, anaingia saa za kuona wagonjwa amebeba uji. Ilikuwa miaka ya simu za tochi, zile ndogo ambazo betri ilikaa wiki, lakini ya Mzee Kanuti ilikuwa imezeeka na haikukaa hata siku.

Homa ile inavuruga akili. Siku moja Festo alijaribu kushuka kitandani, amekaza meno, anasema mpira wa maji uko wazi, bustani inafurika, anakwenda kumwagilia tuta la chini. Tulimshika mimi na mama yake. "Vitunguu viko salama, baba," mama alimwambia. "Lala. Nitakwenda mimi." Akalala.

Siku iliyofuata, mchana, hali ikabadilika ghafla. Mimi nilikuwa chumba cha upasuaji nikimsaidia daktari mwingine. Wodini wakamtoa mama nje, wakavuta pazia, Dokta Halvard na wauguzi wakafanya kazi kwa muda mrefu. Haikusaidia. Wauguzi wale wakabaki wanamstiri kijana, na daktari akaona si haki wazazi waendelee kusubiri. Akatoka. Akamkuta Ezekieli, karani wetu wa mapokezi, kijana mwema, amesoma mpaka kidato cha nne, Kiingereza chake kizuri. Akamwomba amsaidie kutafsiri.

Sasa Dokta Halvard mwenyewe Kiingereza si lugha ya mama yake. Alifundishwa ukubwani, na alifundishwa kuwa ukiongea na wafiwa usiwapige na lile neno lenyewe. Sema kwa upole. Kwa hiyo akainama mbele ya wazee wale wawili, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiingereza kwamba anasikitika sana, "we lost him."

Ezekieli akatafsiri kila neno mahali pake. "Daktari anasikitika sana. Anasema tumempoteza."

Mimi sikuwepo. Niliyasikia baadaye kwa Ezekieli mwenyewe. Anasema Mzee Kanuti aliuliza, "Mmempoteza? Mtu mgonjwa vile, mmempotezaje?" Na kabla hajajibiwa, Mama Festo akapiga makofi, akainua mikono juu. "Kaamka! Baba Festo, mtoto kaamka! Jana alitaka kwenda shambani, mimi nilimwona kwa macho yangu. Kapata nguvu, katoka!" Mzee akachukua sweta la mwanawe lililokuwa limekunjwa kwenye benchi, akaondoka mbio kuelekea getini.

Dokta Halvard akasimama pale. Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuja kunisubiri mlangoni pa chumba cha upasuaji, uso mweupe kuliko kawaida yake.

"Kuna kitu hakiko sawa," akaniambia. "Nimewaambia, na mama ameshukuru Mungu. Baba amekimbia. Hapa kwenu ni desturi?"

Nikamwuliza alisema maneno gani. Aliponitajia, nilivua aproni palepale.

Nilimkuta Mama Festo amefunga kanga yake vizuri, mkeka ameuviringisha, chupa ya uji ameiosha. Alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani. Ezekieli amesimama pembeni, na kwa sura yake nikajua ameshaanza kuelewa, ila mdomo umemganda.

"Nesi!" mama akaniita. "Umesikia? Festo katoka. Baba yake kamfuata."

Nilimshika mkono nikamkalisha, nikakaa naye, magoti yangu yakigusana na yake. Mngeniuliza wakati ule nilikuwa nawaza nini, nisingejua. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni na yote nikayaona mabovu. Nikisema "ametutoka", mama huyu ataniambia ndiyo, katoka, baba yake kamfuata. Nikisema "hatunaye", ataniambia ndiyo, hamnaye, yuko barabarani. Hata lugha yetu ina vificho vyake, wanangu. Vinafaa kwa mtu ambaye moyo wake umeshajua. Kwa mtu mwenye tumaini ni mlango wa kutokea.

"Mama Festo," nikasema, "Festo hakutoka. Yuko kitandani kwake. Mama, Festo amefariki."

"Lakini daktari kasema amepotea tu."

"Daktari alisema kwa Kizungu. Kwa Kizungu kupoteza mtu ni kufiwa. Amefariki, mama yangu."

Hakulia. Alitazama ile chupa ya uji. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei sokoni, "Na baba yake naye anamtafuta nani huko?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Tulipiga simu ya mzee. "Imekufa tangu jana," mama akasema, na alipolisikia lile neno likitoka mdomoni mwake mwenyewe, ndipo kilio kilipomjia.

Alitaka kwanza kumwona mtoto. Tukaingia naye nyuma ya pazia. Alimgusa paji la uso, akamfunga kifungo kimoja cha shati kilichokuwa wazi, akatoka akasema, "Twende kwa baba yake. Asimtafute tena." Dokta Halvard akachukua ufunguo wa Land Cruiser mwenyewe. Ezekieli akapanda bila kuombwa.

Mnaoijua Iringa mnajua mji uko juu na barabara kuu iko chini Ipogolo. Mtu anayekwenda Ruaha Mbuyuni lazima ashuke pale, apande basi la kuelekea Ilula na Kitonga. Mzee Kanuti aliwaza kama baba: mtoto ana homa, kichwa kinamwambia shamba, atashuka Ipogolo atafute gari. Na alikuwa ameshuka kwa miguu ile njia yote ya mteremko, akichungulia kila mtaro.

Njiani Mama Festo aliniambia, "Wewe ndiye umwambie. Mimi nikifungua mdomo, kitatoka kilio tu, na yeye hatajua ninalia nini."

Tulimwona kwa mbali, katikati ya wauza nyanya na makonda. Alikuwa amelishika lile sweta kwa mbele, mabega yakining'inia, kama anayelipima. Anawaonyesha watu. Baadaye makonda walituambia alikuwa akiwauliza kama wamemwona kijana asiye na sweta, maana baridi ya Iringa si ya mtu wa Mbuyuni, na huyu ametoka na shati jepesi.

Akalitambua gari la hospitali. Alikuja mbio, mzee yule, anatabasamu.

"Mmempata?"

Nimeulizwa maswali mengi kazini. Hilo sijawahi kulizoea. Nilishuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmempata? Alikuwa wapi?"

"Tukae kidogo, baba."

Kulikuwa na benchi la mama mmoja muuza chai. Mama yule alituangalia mara moja tu, akatoa vikombe vyake, akasogea. Mzee hakukaa. Alikuwa amemwona mkewe kwenye kioo cha gari, kanga imefungwa kichwani.

"Baba, Festo amefariki," nikasema. "Amefariki hospitali, kitandani kwake, mchana huu. Hakuondoka popote. Mama yake amemwona."

Mzee akaanza kulikunja sweta, mkono wa kushoto ndani, mkono wa kulia ndani, kwa utaratibu kabisa, mpaka likawa dogo. "Kwa hiyo," akasema, "nilikuwa namtafuta mtu ambaye amelala."

Ezekieli alipiga magoti kwenye vumbi. "Baba, ni mimi. Nilitafsiri mimi." Mzee akamwangalia kama hamjui. Ndipo Dokta Halvard akaja mbele. Hakuniomba nimtafsirie. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha kwenye kitabu: "Baba. Mimi nilisema vibaya. Festo amekufa. Nilijaribu, nilishindwa. Festo amekufa."

Mimi nilifumba macho. Kwetu mtu mzima hamwambii mfiwa "amekufa" hivyo, mkavu. Hilo ni neno la kuku na ng'ombe, au la mtu usiyempenda. Lakini Mzee Kanuti alimshika daktari kiwiko, maana bega hakulifikia. "Sasa umesema," akamwambia. "Nimekusikia."

Na Mama Festo kutoka ndani ya gari, uso umelowa, akasema, "Pole na wewe, daktari."

Tulimsafirisha Festo kesho yake. Ezekieli aliomba ruhusa akaenda nao Mbuyuni, akashika chepe pamoja na vijana wa kijiji, na akakaa mpaka matanga yalipoanuliwa. Kijijini uvumi ulikuwa umetangulia: hospitali imempoteza mtoto wa Kanuti, mwili uliokuja ni wa nani? Mzee ndiye aliyesimama mbele ya jeneza akawaeleza watu wake, neno kwa neno, Kiingereza kilivyosema na Kiswahili kilivyosikia. Ezekieli aliniambia hakuna aliyecheka, ila bibi mmoja alisema lugha ya wageni ni kama daraja la miti, upite ukiangalia chini.

Dokta Halvard naye hakuliacha lipite. Wiki nyingi baadaye tulikuwa tunakunywa chai kantini, akaniambia amelichimba lile neno. "Unajua 'die' si neno la Waingereza?" akasema. "Ni letu. Wataalamu wengi wanasema wazee wetu wa kaskazini waliwapelekea kwa mashua, pamoja na mambo mengine mabaya. Sisi Wanorwe mpaka leo tunasema hivyo hivyo, karibu sawa." Waingereza wenyewe, alisema, walikuwa na neno lao, na Wajerumani bado wanalo la aina hiyo kwa kufa kwa kawaida, lakini kwa Waingereza lilikonda likabaki kuwa kufa njaa tu. Ndilo "starve".

"Kwa hiyo ulilikimbia neno la babu yako," nikamwambia.

"Nililikimbia. Na lile nililokimbilia, 'lost', zamani sana lilikuwa na maana ya kuangamia. Sikukosea. Nilichelewa miaka elfu."

Nami nikampa la kwetu. Waswahili wanasema kufa, Wahehe na sisi Wabena tunasema kufwa, mume wangu Mnyakyusa anasema ukufwa. Neno moja, milima yote hii, tangu watu hawajaachana. Akaniuliza, sasa "kufariki" limetoka wapi? Hilo sikulijua. Nikamwendea Bi Rukia, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, ambaye sanda nyingi za Waislamu wa mjini zilipimwa kwa mkono wake.

"Kufariki ni kufarikiana," Bi Rukia akaniambia, anakata kitambaa. "Kutengana. Asili yake Kiarabu. Wawili walikuwa pamoja, sasa mmoja yuko huku, mmoja kule. Na marehemu ni mtu aliyerehemiwa. Ukisema marehemu fulani, umeshamwombea, hata kama hukukusudia."

Tangu hapo nikawa na njia yangu, nawapa kama ilivyo. Mkalishe mtu kwanza. Mtaje aliyekufa kwa jina lake, usimwite "mgonjwa". Sema "amefariki", mara moja, bila mapambo kabla yake. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, mtajaribiwa kujaza pale na habari za dawa na vipimo. Nyamazeni. Na mama usimwambie peke yake kama kuna shangazi au mjomba karibu, maana atahitaji mtu wa kuangukia, na ninyi mna zamu nyingine.

Nilistaafu, nikahamia Uyole kwa upande wa mume wangu. Nikafuga kuku, nikasahau Kiingereza, au ndivyo nilivyodhani.

Mwaka jana baba watoto, Baba Zawadi, aliugua moyo. Tukampeleka hospitali moja pale Mbeya mjini. Madaktari vijana, wepesi, wananiita bibi. Mchana mmoja nimekaa pembeni ya kitanda chake, mashine ikaanza kulia, wakaja, wakanisogeza kwa upole mpaka ukutani. Walifanya kazi. Kisha mmoja akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba basi, amekufa, andika saa. Walidhani bibi mwenye kitenge hasikii.

Nilisikia. Nilielewa kila neno, hata herufi. Nikasimama pale na kichwa changu kikaanza kazi ya zamani yenyewe: hilo kwa Kiswahili ni hivi, mkalishe mama yake kwanza, yuko wapi shangazi. Nikawa natafuta kwa macho mfiwa yuko wapi nikamwambie. Sikulia. Sikuhisi chochote. Ilikuwa kama habari za mgonjwa wa kitanda cha mbali.

Kisha akaja nesi, binti mdogo mwenye lafudhi ya Kinyakyusa. Akaleta kiti, akanikalisha. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama," akasema, "Baba Zawadi amefariki."

Ndipo niliposikia sauti inatoka kwangu ambayo nimeisikia kwa wanawake wengi na sikuwahi kujua ninayo. Binti hakusema kitu kingine. Hakunieleza vipimo. Alibaki amechuchumaa vile vile mpaka nilipoweza kupumua.

"Unaitwa nani?" nikamwuliza.

"Atupele."

"Umesema vizuri, Atupele," nikamwambia. "Sasa nishike, twende nikamwone."